Betri Juu ya Mafiga

“Mjomba, mbegu yako imeota.”

Nilimwambia hivyo Tarishi mbele ya watu waliokaa barazani kwake wakingoja barua, kisha nikaitua betri ya pikipiki juu ya sinia lake la kahawa, katikati ya vikombe. Nilikuwa nimeibeba kwa gunia bichi, nayo ilikuwa inachuruzika. Nyuma yangu, jikoni, binti yangu Roza, mtoto wa mwaka mmoja na nusu, alikuwa analia kilio ambacho sikujua kwamba kinaweza kutoka katika kifua kidogo namna ile. Mke wa Tarishi alikuwa anammwagia maji ya mtungi usoni, kata baada ya kata, kama nilivyomwamuru.

Tarishi hakuniangalia mimi. Hakugeukia kule kilio kilikotoka. Alinyoosha mikono yote miwili akaishika betri kwa pembeni, kama mtu anayepokea mtoto mchanga.

“Polepole, mwanangu,” akasema. “Utaimwaga.”

Nimesoma kwa masista mpaka darasa la kumi. Nimefundishwa namna ya kukataa kwa adabu na namna ya kukasirika bila kupaza sauti. Siku ile vyote viliniruka. Nilimwita kwa jina lake. Jina tupu, bila bwana, bila mzee, bila mjomba, mbele ya watu wazima. Jina hilo sitaliandika hapa wala popote. Nimelitumia mara moja, yatosha.

“Mtoto ameungua,” nikasema. “Maji ya hili likasha lako yamemdondokea usoni. Jikoni kwangu. Juu ya mafiga yangu.”

Hapo ndipo alipogeuka. Vikombe vilianguka, akakimbia bila viatu.

Na nani aliyetupeleka hospitali? Yeye. Pikipiki ilikuwa moja tu, ile yake ya barua, na mwendeshaji ni yule yule mmoja. Nilipanda nyuma ya mgongo ambao dakika chache kabla nilitaka kuupiga kwa mchi, nimemkumbatia Roza kifuani, na ili nisianguke ilinibidi niushike mkanda wa yule mzee. Njia nzima nilikuwa naandika barua kichwani.

Dresa aliyempokea mtoto alimwosha tena, akamtazama, akapima kwa kidole chake kutoka lile doa la kuungua mpaka kwenye kope. Kidole kimoja. Akaniambia, “Mama, yale maji uliyommwagia ndiyo yameokoa jicho.” Nikaketi chini pale pale, kwenye sakafu.

*

Ngoja nimseme mtu mwenyewe, maana aliyeishi Nachingwea miaka ile atamjua hata nisipomtaja, na asiyemjua atadhani naandika habari za mpumbavu. Hakuwa mpumbavu. Hilo ndilo linalonichoma.

Alikuwa mrefu, mkavu, na koti lake la kaki lilikuwa na vifungo vya shaba ambavyo alivisugua kila Ijumaa kwa majivu na ndimu. Juu ya pikipiki alikaa wima kama mtu aliyeko msikitini. Barua alizibeba katika kopo kubwa la biskuti, amelifunga kwa mpira wa tairi, na masika ilipokuja alilivua koti akalifunika kopo, yeye akalowa. Nilimwona anafika anatetemeka, maji yanamtoka masikioni, anafungua kopo na barua ni kavu kama kisamvu cha kuanika.

“Barua ni mdomo wa mtu aliyeko mbali,” alisema. “Ukiilowesha, umemziba.”

Kusoma Kiswahili alijua, tena vizuri. Lakini hakuna aliyewahi kumsikia anamsomea mtu barua. Ukimwomba, anakurudishia. “Nikiisoma nitaijua. Nikiijua, siku moja nitaisema. Nenda kwa mama Roza.” Hivyo ndivyo nilivyopata kazi ambayo sikuiomba. Nyumba zetu mbili zilikuwa na ua mmoja na jiko moja la nyuma, na watu walikuwa wakitoka barazani kwake na bahasha mkononi wananikuta mimi nachambua mchele au napepeta. Nikawa msomaji wa mtaa mzima.

Na nilijivuna, sitaficha. Nilikuwa na sheria yangu: barua husomwa mpaka sahihi ya mwisho. Kuna watu wakisikia “sote hatujambo” wanataka kuinuka waende zao. Nawakalisha. “Kaa. Habari ya msiba huwekwa chini.” Mimi sisomi nusu, niliwaambia. Yakumbuke maneno hayo.

Pikipiki ilikuwa mali ya wazungu wa karanga, wale waliokuja kulima karanga kwa matrekta. Walipofunga kazi yao wakauza vyombo, ofisi ya matarishi ikainunua, na mkuu wake aliyekaa Ruangwa akasema mzee aache baiskeli. Juma la kwanza aliingia nayo katika shamba la mihogo, akatokea upande wa pili, akamkuta mwenye shamba amesimama na jembe. Tarishi hakuzima, hakushuka. “Hodi shambani!” akapaza sauti, akapita. Mwenye shamba alihadithia hilo sokoni mpaka alipozeeka. Lakini baada ya miezi miwili alikuwa anaifungua na kuifunga mwenyewe, skrubu zake amezipanga juu ya ungo kwa ukubwa, na mtu akimwambia hicho ni chombo cha wazungu, anajibu, “Kilizaliwa kwao. Kimekulia kwangu.”

Akipita msibani alizima injini na kuisukuma mpaka sauti za wanaolia zisisikike tena, hata kama ni mwendo wa robo saa na jua kali. Akimkuta mama mwenye mzigo, alibeba mzigo, mama akaambiwa atembee, kwa sababu mwanamke wa watu hapandi nyuma ya mwanaume wa watu. Alikuwa mkali sana katika hilo. Kabla ya siku ile ya betri alilivunja mara moja tu, na alilivunja kwa ajili yangu.

*

Nilikuwa nimekwenda Ruangwa kwa mama, mimba kubwa, ingawa siku zangu hazikuwa zimetimia kwa hesabu yangu. Mume wangu, karani wa stesheni ya reli, alibaki Nachingwea na kazi yake. Asubuhi uchungu ukaanza, tena vibaya. Mkunga akapapasa, akamtazama mama kwa jicho ambalo nililielewa. “Huyu apelekwe hospitali.” Gari hakuna. Tarishi ndiye aliyekuwa anaondoka na barua kurudi Nachingwea, kwenye hospitali.

Alivua koti, akalikunja mara nne, akaliweka nyuma. “Panda, mwanangu. Leo sina macho.”

Tulikwenda, na kila shimo la barabara nililisikia tumboni. Tukafika kwenye pori refu, nyumba hazionekani mbele wala nyuma, pikipiki ikakohoa mara mbili ikanyamaza. Betri imekufa. Alipiga kiki mpaka shati likamgandia mgongoni. Kisha akasimama, akanishika mabega, akasema, “Usishuke.” Akaanza kusukuma. Mimi juu ya pikipiki, yeye chini, mzee wa umri ule, miguu inateleza mchangani, na mimi nampigia kelele za matusi ambayo sijui niliyatoa wapi. Hakujibu ila neno moja tu: “Sema, mwanangu. Sema tu.”

Alinifikisha kwenye nyumba za kwanza tulizoziona. Wanawake wakatoka mbio. Roza akazaliwa huko, kitovu kimemzunguka shingoni, bluu, kimya, mpaka bibi mmoja nisiyemjua alipompulizia. Tarishi alikuwa amekaa chini nje ya nyumba, ameegemea gurudumu, amelia mpaka kope zimevimba, wanawake walinihadithia.

Tangu siku hiyo hakumwita Roza kwa jina lake. Alimwita Abiria.

“Abiria wangu ameamkaje?” “Abiria amekula?” Na Roza alipoanza kutambaa, safari yake ya kwanza ilikuwa kuvuka ua kwenda kwenye pikipiki.

Basi, kutoka hapo mzee akashikwa na jambo moja. Betri ya akiba. Kila alipokwenda Ruangwa aliiomba ofisini. Wakamwambia ngoja. Akaomba tena. Hakuwahi kuomba koti jipya, wala viatu, lakini betri aliiomba mpaka wakamchoka. “Mwanangu,” aliniambia, “sitasukuma mtu mwingine. Si kwamba nachoka. Nasikia bado zile kelele zako.”

Ikaja. Kisanduku cheusi ndani ya majani makavu, vifuniko vitatu juu, kila kifuniko kimezibwa kwa utepe. Ilikuwa tupu, haijatiwa kitu. Pamoja nayo chupa nene ya maji makali, yale ambayo huunguza, na karatasi ya Kiingereza. Aliniletea karatasi hiyo jikoni, nikamsomea, kama nilivyomsomea kila mtu. Hivyo ndivyo nilivyokumbuka.

Akaiweka betri uchagani. Kwa asiyejua, uchaga ni ile miti tunayoipanga juu ya mafiga, tunalaza mbegu za msimu ujao, mahindi yenye maganda yake, vibuyu vya ufuta, kunde. Moshi unazikausha na wadudu hawathubutu. Watu wa Nandagala, kwao Tarishi, wana sifa katika hilo. Husema mbegu ya Nandagala hata ukiisahau miaka mitatu itaota. Chochote cha thamani ambacho hukitaki leo, hukaa uchagani. Kwa hiyo betri ilikaa huko, kati ya mahindi na ufuta, kavu, mwaka mzima. Sikuona ubaya. Niliizoea kama nilivyoyazoea masizi.

*

Kisha kanga zangu zikaanza kutoboka.

Ya kwanza ilikuwa mpya. Naifua, naitundika, naona tundu, kama mtu amepitisha kijiti. Nikaifua tena, matundu matatu. Kanga ya pili vivyo hivyo. Nepi za Roza zikawa kama chekecheke. Nikamgombeza mwenye duka, nikamwambia ananiuzia nguo zilizooza, akaniapia kwa mama yake. Nikamgombeza mke wa Tarishi kwa ajili ya sabuni aliyotengeneza mwenyewe, naye akanuna siku nne, na alikuwa na haki.

Tarishi alikuja akazitazama, ameinama, mikono nyuma. “Panya,” akasema.

“Panya gani anatoboa duara, mjomba?”

“Panya wa reli. Wamekuja na treni, hawana adabu.”

Kesho yake akaleta paka kutoka Ruponda, ndani ya kikapu. Sikuwahi kuona paka mwenye kazi nyepesi kama yule. Alilala juu ya gunia karibu na mafiga, mpaka siku moja akaruka juu, akapiga yowe, akatoka nje akijiramba mgongo, na hakuingia tena jikoni. Tukacheka. Mimi nilicheka! Mke wa Tarishi akasema paka amemwona shetani. Na mgongoni pale manyoya yakapukutika, tukasema ni upele. Sisi watu wazima watatu, mmoja amesoma mpaka darasa la kumi, tulimtazama paka aliyeungua tukasema ni upele.

Siku yenyewe nilikuwa nasonga ugali. Roza amekaa kwenye mkeka mahali pake pa siku zote, anacheza na kifuu. Niliona tone. Nasema niliona, lilining’inia kwenye mti wa uchaga, likang’aa, nikadhani ni mvuke wa chungu. Likaanguka.

Baada ya kummwagia maji na kumkabidhi kwa mke wa Tarishi nilikigeuza kinu nikapanda juu yake. Betri ilikuwa imelala kiubavu, imeegemea mahindi, tepe zake hazipo. Mahindi yaliyo chini yake yamekuwa meusi na laini. Ilikuwa imejaa maji yale.

Ameitia maji. Ameitia maji makali, akairudisha juu ya moto, juu ya mtoto wangu. Sikupata kumuuliza mtu kitu. Niliishusha nikatoka nayo barazani.

*

Barua ya kwanza niliiandika tuliporudi kutoka hospitali, kwa mkuu wake wa Ruangwa. Ilikuwa fupi, na neno kubwa ndani yake lilikuwa “afukuzwe”. Mume wangu aliisoma, akaikunja, akaniambia nifikirie. Nikamwambia nimefikiria, mtoto ana kovu. Mama akaleta neno kwa mtu aliyepita: mjomba hashtakiwi kwa karatasi, huitwa, akaketishwa, akaambiwa na wakubwa wenzake. Majirani niliowasomea barua zao za misiba na mahari wakaanza kupita upande wa pili wa njia. Mmoja akanirushia maneno kisimani: “Wasomi bwana! Anayewabeba ndiye wanayemchongea.”

“Mwanao akiungua jicho,” nikamjibu, “utamsomea methali.”

Siku ya tatu, adhuhuri, akaja. Hakuvaa koti. Alisimama nje ya mlango wa jiko, hakuingia, na nikamwona jinsi alivyoutazama uchaga, sasa mtupu, kwa maana nilikuwa nimetupa kila kitu, hata mbegu.

“Hodi, mwanangu.”

Sikumkaribisha. Roza, bandeji juu ya nyusi, alishamwona, akanyoosha mikono abebwe. Nilimvuta nyuma kwa gauni. Tarishi akaona nilivyomvuta. 

“Sikuja kuomba msamaha,” akasema. “Msamaha nitauomba kwake, akikua. Nimekuja unimalizie.”

“Nikumalizie nini?”

Akafungua kopo la biskuti. Akatoa karatasi ya Kiingereza, imekunjwa vizuri, safi kama siku ilipokuja.

“Ulinisomea upande huu. Huu mwingine ukasema kesho. Abiria alikuwa analia, alikuwa na homa.”

Nilisema si kweli. Nilisema hivyo papo hapo, bila kufikiri, kwa sauti ya mwalimu. Mimi sisomi nusu.

“Kweli, mwanangu. Nilirudi mara mbili. Mara ya kwanza ulikuwa unafua. Mara ya pili ukaniambia, ‘Mjomba, si nilishakusomea?’ Nikaona haya. Mtu akisema amekwisha kukusomea, utambishiaje, na wewe ndiye usiyejua?”

Nikaichukua karatasi. Upande wa kwanza: namna ya kuhifadhi. Mahali pakavu, pasipo umande, tepe zisibanduliwe. Nikayatambua maneno kama unavyotambua sauti ya mtu mlangoni. Nikakumbuka Roza mkononi, anagumia kwa homa, na mzee amechuchumaa pale pale mlangoni, uso unamng’aa.

“Pakavu,” akasema sasa, polepole. “Nikakuuliza, kama mbegu? Ukacheka. Ukasema, ‘Ndiyo, mjomba. Kama mbegu.’”

Jamani. Nikaushika mlango.

Nikageuza karatasi. Upande wa pili: namna ya kuiamsha. Nikaanza kumtafsiria kwa sauti, na kila mstari nilioutamka ulinipiga mimi kwanza. Maji yatiwe siku ile tu inapotakiwa. Yasipite kiasi. Ikishatiwa, haihifadhiwi tena kama mwanzo. Isimame wima siku zote. Ichajiwe kila mwezi hata kama haitumiki. Hewa inayotoka ndani yake hushika moto, kwa hiyo isikaribie jiko, taa wala sigara. Watoto wawekwe mbali.

Mistari hiyo yote ilikuwa katika lugha ninayoisoma bila kutafuna, ukurasa mmoja, hatua kumi kutoka kitanda changu, mwaka mzima.

“Uliitia lini?” nikauliza.

“Masika ilipokaribia. Kule Ruangwa nilisikia kuna mama mjamzito amengoja gari siku nzima. Nikawaza, kavu haina faida. Hata ukiitia, yataka saa ikae ndipo iamke. Mwenye uchungu hangojei saa. Nikaitia. Nikaweka globu na nyaya mbili. Ikawaka, mwanangu! Ikawaka mara moja.” Na kwa nukta hiyo, hata pale, furaha ile ilimrudia usoni, kisha akaikumbuka bandeji, ikazimika.

“Lakini mjomba!” Nilikuwa nalia sasa, kwa hasira. “Mbegu ikishaloweshwa hairudi uchagani! Mtoto wa Nandagala anajua hilo!”

“Najua. La mbegu nalijua. Sikujua kwamba yale maji ni kulowesha. Nilidhani ni kama taa. Taa ukiitia mafuta, huitundiki mahali pake?”

Nilitafuta jibu katika yote waliyonifundisha masista, sikulipata.

Akafunga kopo, akalifungua tena. “Kesho nakwenda Ruangwa. Nimesikia umeandika barua. Nipe.”

“Unajua imeandikwa nini?”

“Sisomi barua za watu.” Akalinyoosha kopo mbele yangu, wazi, na ndani barua zimepangwa kwa vijiji vyake. “Itafika kavu.”

Nikamwambia angoje. Nikaingia ndani, nikaichana ile ya kwanza, nikakaa kuandika nyingine. Aliketi uani juani, mbali na jiko, na Roza akanitoroka akaenda kumkalia mguuni. Niliona kupitia dirishani. Sikumwita. Hasira yangu ilikuwa bado ipo, yote, haikupungua hata kidogo. Sasa ilikuwa haijui tu ikae wapi. Nilipotoka nilikuwa nimeifunga bahasha kwa ugali. Akaipokea kwa mikono miwili, akaitia kwenye kopo, akavuta mpira wa tairi.

Hii ndiyo barua aliyoipeleka.

*

Kwa Bwana Mkuu wa Matarishi,
Ruangwa.

Bwana,

MALALAMIKO JUU YA BETRI YA AKIBA

Nina heshima kukuarifu kwamba mtoto wangu wa kike ameunguzwa uso na maji ya betri ya akiba iliyotolewa na ofisi yako. Jicho limepona kwa upana wa kidole kimoja. Kovu halitatoka.

Betri hiyo ilikuwa imetiwa maji, ikawekwa juu ya moto katika jiko la uani, na tarishi wako. Hakupaswa kufanya hivyo, na nimekwisha kumwambia kwa maneno ambayo si ya kuandikwa. Nataka jambo hili liandikwe katika kitabu chenu, na jina lake lisifutwe.

Nalalamika pia kwamba ofisi ilimkabidhi mtu asiyejua Kiingereza chombo cha hatari na maelezo ya Kiingereza, bila mtu wa kumwonyesha. Nimeambatisha tafsiri ya maelezo hayo, pande zote mbili. Naomba ibandikwe kwenye kila sanduku kabla halijatoka kwako.

Siombi afukuzwe. Wala siombi anyang’anywe pikipiki, kwa kuwa hapa petu hakuna nyingine, na wapo wanawake wenye mimba. Naomba apewe betri nyingine, kavu, na aelezwe mpaka aseme mwenyewe kwa mdomo wake kwamba ameelewa.

Mwisho, ili usije ukaambiwa na mtu mwingine: tarishi wako alitafuta msomaji kabla hajaigusa. Alimpata. Msomaji huyo alimsomea upande mmoja, akamwambia amekwisha kumsomea.

Msomaji huyo ni mimi.

Wako mtiifu,
Mama wa mtoto aliyetajwa,
Nachingwea.